Slabu Zilizolazwa Bila Kufungwa

New Site, Juba

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama. Kifua chake kinaendeleaje na baridi ya huko? Simu zimekatika tangu mapigano yaanze, kwa hiyo barua hii naituma kwa mkono wa mwenzetu anayepanda ndege ya Nairobi kesho. Nadhani mmesikia habari za tetemeko.

Sina jeraha. Nakula, nalala. Sijalia, na sijui kwa nini.

Ghorofa tunalojenga si la kumwaga zege papo hapo kama ulivyonifundisha. Nguzo, boriti na slabu huja zimeshatengenezwa, kreni inazipanga. Slabu inakalia boriti kwa upana wa vidole vinne tu. Kinachoifunga ni nondo za kwenye maungio na zege linalomwagwa juu yake. Saruji yetu ilikwama bandarini kwa ajili ya vita, basi slabu zikakaa wiki tatu bila kufungwa. Msimamizi wa mafundi ni mimi, Baba. Nilijua.

Jumanne asubuhi tulikuwa uani tukikunja nondo. Ardhi ikanguruma. Huku mngurumo ni mzinga, hatuna maana nyingine. Nikapiga kelele, "Ndani! Ingieni chini ya zege!" Wenzangu wawili waliduwaa. Lado, fundi wa nondo aliyekulia ukimbizini Uganda, alinitii. Aliingia, akalala kifudifudi. Nilikuwa nyuma yake hatua tano, mtikiso ukaniangusha.

Hakuna slabu iliyovunjika hewani. Boriti ziliyumba, slabu zikateleza, zikashuka moja baada ya nyingine juu ya Lado. Nguzo bado zimesimama. Vibanda vya mabati vya jirani havikupata kitu.

Mwenye jengo alinivuta kando. "Sema ni bomu. Nani atauliza?"

Nilikwenda kwa Keji, mke wa Lado. Nilimwambia ni ardhi, si bomu. Kwamba slabu hazikufungwa nami nilijua. Kwamba niliyemwita ndani ni mimi.

"Yeye alikuwa nasema mudir yake iko mtu ya kuangalia watu," akasema. Mudir ndiye bosi, yaani mimi. Kisha akauliza, "Aliogopa?"

"Sikumwona uso."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Upande wa pili slabu sita bado ziko juu, hazijafungwa. Mwenye jengo anataka kazi irudi. Nilikataa kuwapeleka watu chini yake, akanifukuza. Kwa hiyo kila asubuhi nakaa nje ya lango na kumweleza kila kibarua anayefika. Leo wanne wamegeuka wakarudi. Wawili wameingia.

Ndiyo maana sipandi ndege na mwenzetu kesho.

Nisalimie shangazi anayemuuguza Mama, na mdogo wangu wa mwisho. Mwambie asikimbilie kazi za huku. Wewe umejenga maisha yako yote, Baba. Ukijibu, usinifariji. Niambie tu kama wewe ungengojea saruji kabla ya kulaza slabu.

Mwanao,
Barasa