Wito wa Jioni

Kebirigo, Nyamira

Kaka Mose,

Simu yako haipatikani, ndiyo maana naandika. Sisi hatujambo. Chai imechipuka vizuri, na Mama bado anagombana na mbuzi wa jirani kwa sababu ya migomba yake.

Jumapili nilipiga obokano ya Baba, kile kinubi chake cha nyuzi nane, mbele ya watu mjini Kisii. Fundi wa kompyuta, Oketch, aliingiza kanda za zamani za Baba kwenye mashine yake. Mimi napiga, mashine inasikiliza, kisha inanijibu kwa mapigo ya Baba. Watu walishangilia utadhani amefufuka.

Nilipomaliza niliweka obokano chini. Mashine hiyo haianzi yenyewe, lakini ilianza. Ilipiga ule wito wa Baba wa kukuita wewe nyumbani jioni, na uzi wa tatu ikauruka.

Oketch anaapa wito huo haumo kwenye kanda. Namwamini, maana Baba alirekodiwa akiwa na vidole vyote. Kidole cha uzi huo kilikatwa na panga wewe ukiwa umeshaondoka. Ndiyo, aliendelea kukuita kila jioni, uzi mmoja ukikosekana, mpaka tukamzika bila wewe.

Mama akajibu kutoka kitini, katikati ya watu, kama alivyomjibu miaka yote hiyo: "Bado hajafika."

Mashine ikanyamaza.

Mwezi ujao tunapiga huko Kenyenya. Mama anataka nikuulize: safari hii amjibu nini?

Dada yako,
Nyamoita