Mbuzi Aliyelala Chali

Ulemo, Jumanne, alasiri

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa baridi kavu unaopasua midomo na kuingiza vumbi la mashamba mpaka kitandani. Miguu imevimba tena. Nimeketi barazani na blanketi, dawa nimeshakunywa, na moyo unadunda kama wa mtu aliyekimbia, ingawa nimerudi nyumbani kwa bajaji.

Leo nimefanya jambo nililoliahirisha kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mjukuu wangu Neema aliponifungulia blogu hii, alitaka niandike kumbukumbu za ualimu wangu. Nimeandika mengi mazuri humu, na karibu yote ni ya kweli. Hili sikuliandika. Sasa daktari ameniambia moyo umechoka na hana cha kuuongezea. Kwa hiyo sina tena muda wa kupanga maneno.

Asubuhi nilikwenda shuleni, darasa la awali. Mwalimu wa pale ni Zaituni, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe, enzi zile tukiita chekechea. Waliniwekea kiti karibu na mlango, watoto wakaniamkia kwa sauti moja iliyonitikisa mifupa.

Laiti ningeweza kuwaonyesha wanavyojifunza wale watoto! Wanakaa kwenye mikeka, kila kikundi na kiganja cha mbegu za alizeti. Zaituni hawatajii jina la herufi, anawapa sauti yake. "Mmmm," anavuta, nao wanavuma kama mzinga wa nyuki huku vidole vikipanga mbegu. Akasimama juu ya kijana mmoja mnene.

"Saidi, mguu wa tatu wa m uko wapi?"

"Nimeula, mwalimu."

Nilicheka mpaka nikakosa pumzi.

Wakishaipanga kwa mbegu wanaichora kwa kidole mchangani, kisha hewani, kisha mgongoni mwa mwenzao, naye abashiri ni herufi gani. Daftari huja mwisho. Hapo darasa zima hunyamaza, ndimi nje, penseli zikikandamizwa karibu kutoboa karatasi.

Halafu wakasoma, mmoja mmoja. Zaituni anafunika picha kwa kiganja na kumwambia mtoto aanzie neno lolote, katikati au mwishoni. Kabinti kamoja, Pili, kalihangaika. "Ki... su. Ki-su. Kisu!" Kakageuka kututazama kana kwamba kamekiokota kisu chenyewe chini ya mkeka.

Nilijivuna. Sitaona haya kusema hivyo, nilijivuna kama mama wa bibi harusi. Lakini kiganja kile juu ya picha kilinichoma, kwa sababu najua kimetoka wapi.

Kimetoka kwangu. Kimetoka kwenye uongo wangu.

Nilipoanza kazi nilifundisha kama nilivyofundishwa. Mimi nasema, watoto wanaitikia, tunarudia hadi ukurasa unakuwa wimbo. Tulikuwa na kitabu chenye picha ya mbuzi, na chini yake mistari minne. Wiki moja kabla ya mkaguzi kuja tuliimba mistari ile asubuhi na mchana. Nilijua fika kwamba hawasomi. Nilijua kwamba nikiandika neno moja la mistari ile ubaoni, peke yake, hakuna atakayelitambua. Niliendelea kuimba.

Mkaguzi alimchagua Zaituni. Alikuwa na miaka sita. Akashika kitabu, akasoma mistari yote minne bila kukwama, kwa sauti nzuri, kidole kikitembea. Kitabu kilikuwa juu chini. Mbuzi alikuwa amelala chali, miguu hewani.

Mkaguzi akakigeuza taratibu, akaweka kidole kwenye neno la katikati. Zaituni akamwimbia mstari mzima. Mkaguzi akanitazama.

"Mwalimu, ni huyu tu, au wote wako hivi?"

Ningeweza kusema kweli. Alikuwa mtu mpole, nadhani angenisaidia. Nikasema, "Huyu ni mzito tu, bwana mkaguzi. Wenzake wanasoma."

Wenzake wakacheka, na mimi nikawaacha wacheke. Mkaguzi hakuuliza mwingine. Aliandika sifa zangu kwenye kitabu cha wageni, na sifa zile zilinisogeza hadi ualimu mkuu. Zaituni alirudia mwaka. Watoto walimwita Mbuzi Chali mpaka alipoota matiti.

Aibu ilinifanyia kazi, hilo nalo ni kweli. Mwaka uliofuata niliacha nyimbo. Nilianza na sauti, nikafunika picha, nikaleta mbegu. Darasa lile alilorudia Zaituni ndilo la kwanza maishani mwangu kujua kusoma kweli, naye alikuwa wa kwanza ndani yake. Mwisho wa mwaka mama yake alikuja kwangu na kuku mkubwa mwekundu kwapani. "Umemvumilia mtoto wangu mzito," alisema.

Nilimpokea kuku. Tulimla Jumapili.

Leo, watoto walipotoka kunywa uji, nilimwambia Zaituni yote. Alikuwa akikwangua chaki kwenye kucha zake, akaacha.

"Wote hawakujua?"

"Wote. Hata mmoja hakujua."

"Hata Elia? Aliyekuwa akiniimbia Mbuzi Chali mpaka kisimani?"

"Hata Elia. Yeye kitabu chake kilikuwa wima kwa bahati tu."

Akacheka kidogo. Kisha akakunja uso. "Baba amekufa akiniita mzito, Mwalimu. Nilipochaguliwa sekondari alisema wamekosea jina. Mama ndiye aliyegombana naye mpaka nikaenda."

Nilimwambia pole. Nimefundisha lugha maisha yangu yote na hilo ndilo neno pekee nililopata.

"Pole nimeisikia," alisema. "Lakini naomba uwaambie na hawa. Kila mwaka nawasimulia habari ya Mbuzi Chali, ili wanaochelewa wasikate tamaa. Nawaambia mwalimu wenu alikuwa mzito kuliko ninyi nyote."

Basi nilisimama mbele yao, nimeshika meza. Nikawaambia mwalimu wao hakuwa mzito, mimi nilimsingizia ili nisifiwe. Nilidhani hawataelewa. Walielewa vizuri kabisa.

"Bibi, ulichapwa?" akauliza Pili.

"Sikuchapwa. Nilisifiwa."

Wakaguna wote. Saidi akainua mkono. "Kwa hiyo mwalimu alikuwa anajua kusoma?"

"Hapana. Alikuwa hajafundishwa."

Ni maneno mawili tu. Nilikuwa nayo mdomoni siku ile mbele ya mkaguzi, nikayameza.

Zaituni hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Alinishika mkono hadi kwenye bajaji, akanifunga kitenge vizuri mabegani. Akasema mama yake siku hizi yuko Kintinku kwa kaka yake, na kwamba Jumamosi atakwenda kumwona. "Bado anamshukuru Mungu kwa kunifungua akili. Baada ya Mungu, anakushukuru wewe. Nikamwambie nini?"

Kintinku mimi sifiki tena. Nikamwambia nitaandika.

Nimeandika kwa kidole kimoja na imenichukua alasiri yote. Mkono umekufa ganzi, lakini moyo umetulia kuliko ulivyotulia kwa dawa. Yale niliyoyaona leo, mbegu zile, kile kisu cha Pili, ni mavuno yangu pia, na nitakufa nikijivunia. Ila sitaki kujivunia kwa mgongo wa mtoto wa mtu.

Mama Zaituni, shule hukwenda, kwa hiyo haya yanakufikia kwa sauti ya mwanao. Hakuwa mzito hata siku moja. Ulipogombana na mumeo kwa ajili yake, uligombania mtoto mwenye akili timamu, ambaye mwalimu wake alimwuza kwa sifa. Kuku wako nilimla, na sikustahili hata shingo.

Kama Jumamosi itanikuta, nitakaa hapa barazani kuanzia saa nne, niwaze mmefika neno gani.

Zaituni, usimfupishie. Keti karibu naye, umwekee simu mapajani, usome polepole, kidole chini ya kila neno, ili aone kwa macho yake kwamba unasoma.