Linux Niliyoichagua kwa Fleshi Yako

Yaya Muhindo, kaka yangu mkubwa,

Ni mimi Kavira, mdogo wako na mwanafunzi wako mkaidi. Duka letu hapa Butembo bado liko wazi. Printa inakula karatasi kama zamani, na watu bado wanaleta picha za matanga dakika ya mwisho, padri akiwa ameshavaa. Picha yako niliichapa mimi. Rangi ilitoka vibaya, unisamehe. Hata barua hii naiandika nyuma ya ratiba za mazishi yako zilizoharibika.

Tangu walipokuua kwenye barabara ya kutoka Beni, sikuweza kukuandikia. Leo naogopa, na sina mwingine wa kumwambia.

Kuna mwanaume anakuja dukani. Anavaa jaketi nyeusi hata jua likiwaka, hachapishi kitu, haulizi bei. Jumatatu aliweka vidole juu ya kibodi yako, akauliza polepole: "Ile fleshi ya marehemu, mulisha ifungula?" Nikamjibu tumeshaifungua, iko tupu. Akacheka kidogo. "Vendredi nitarudia. Tutaiangalia pamoja." Nikaanza kuhesabu siku za kufika Ijumaa.

Sikudanganya sana. Fleshi ilirudi na mwili wako, ndani ya soksi, na kwenye Windows ya duka ilionekana tupu. Mama alitaka tuizike pamoja nawe. Nilikataa, maana nilikumbuka ugonjwa wa fleshi zetu: virusi vinaficha mafolda, mwenyewe anadhani kila kitu kimepotea, anaiformati, yaani anaifuta yote, na hapo ndipo anapoteza kweli. Wewe uliwanyang'anya watu fleshi zao kabla ya kosa hilo, ukazifungua kwenye Linux, ndani ya kompyuta ndogo ya kuigiza uliyoijenga ndani ya laptop yako. "Mugonjwa hapana kulala na bazima," ulisema, ukaiita chumba ya mugonjwa.

Laptop hiyo haikurudi. Ilibidi nijenge chumba kingine kwenye kompyuta ya duka, kabla ya Ijumaa.

Basi nikachagua Linux, Yaya, mimi niliyekuwa nasinzia ukifundisha. Kwenye droo nilikuta diski yako yenye Linux za aina tatu, Ubuntu, Mint na Debian. Jumanne nilianza na Ubuntu kwa sababu inapendeza macho. Kompyuta ina giga nne za memori. Nikaipa ile ya kuigiza ya ndani giga tatu, kama mtu anayempa mgeni kitanda na blanketi halafu yeye mwenyewe analala nje. Zote mbili zikaganda. Betri ya sola ikaisha, na siku ikaisha nayo. Ungenicheka mpaka majirani waje kuuliza.

Jumatano asubuhi nikajaribu Mint. Ilitembea, lakini kila mara ilitaka kutafuta masasisho kwenye mtandao, na mimi sikutaka mashine hii iongee na mtu yeyote. Nje, ng'ambo ya barabara, jaketi nyeusi ilikuwa imesimama karibu na wauza mafuta. Nikaigeuza skrini isionekane kutoka mlangoni. Ndipo nikakumbuka maneno yako ya siku mtandao ulipokatika: "Usichague ile iko muzuri. Chagua ile unaweza kujenga tena wewe peke yako, connexion hapana."

Nikaweka Debian tupu, bila madirisha wala picha, ile skrini nyeusi niliyoichukia. Nikaikatia mtandao. Nikahifadhi hali yake kwanza, ulivyonizoeza, ili baadaye niirudishe ilivyokuwa. Kisha nikachomeka fleshi.

Folda ilikuwamo, na ndani yake faili moja ya majina. Jina, shamba, siku ya mwisho kuonekana. Watu wa Mulekera na Ruwenzori, kule Beni, waliokwenda kulima wasirudi. Na sisi ulituambia unaenda Beni kutengeneza kompyuta za shule! Nimekukasirikia, Yaya, nimelia kwa hasira. Ningekuzuia, na wewe ulijua. Mwisho kabisa uliandika: "Mwanaume wa jaketi nyeusi ameniuliza ninaandika nini."

Leo asubuhi Mama ameenda Musienene kama anayekwenda sokoni. Nakala iko kwenye kadi ndogo ya memori ya simu, nimeishona kwenye upindo wa kitenge chake. Padri aliyekubatiza anaingoja. Mashine nimeirudisha kwenye hali yake ya mwanzo, haikumbuki kitu.

Kesho ni Ijumaa. Nitafungua duka saa mbili kama kawaida, maana nikifunga atajua. Akitaka fleshi nitampa, aitazame kwenye Windows, aone ni tupu. Kuyafuta yaliyomo nimeshindwa, ni maneno yako ya mwisho. Kama naye anajua ugonjwa wa fleshi, basi Mungu anisaidie. Barua hii nitaifukia chini ya msalaba wako kabla jua halijazama.

Pumzika, Yaya, mwalimu wangu. Nakuahidi majina hayo hayatafichwa tena, hata mimi nisipokuwepo kuyasoma. Kabla ya kunakili faili niliongeza mstari mmoja chini ya maneno yako. Jina: Muhindo. Shamba: duka letu. Siku ya mwisho kuonekana niliiandika nikiwa nimefumba macho. Nilipoyafumbua, alama ya kuandikia ilikuwa inawaka na kuzimika kwenye mstari unaofuata, ulio mtupu.

Kavira