Vimishipa vya Shemeji Yako

Ndugu yangu, leo mjinga ni mimi. Usibishe, na usianze kucheka.

Asubuhi shemeji yako kaniambia anaenda kliniki kupigwa leza ya mishipa. Nikajua ni moyo! Nikaacha geti la mteja nimelichomelea nusu, nikamkimbilia na ovaroli langu la masizi.

Nesi akaniambia, "Tulia, baba. Ni hivi vimishipa vyekundu vya miguuni tu. Si ugonjwa."

Si unavijua, vile vinavyowatoka wasusi kama yeye kwa kusimama kutwa, vimetambaa kama utando wa buibui. Basi nikacheka. Nilicheka kwa furaha, naapa, maana kichwani nilikuwa nimeshamzika! Lakini mlango ulikuwa wazi, foleni nzima inasikia, naye yuko kitandani, sketi magotini, miwani ya leza usoni.

Daktari akasema vitapungua, ila akiendelea na kazi ya kusimama vitarudi.

Hapo nikamwagia moto petroli. "Mama watoto, shuka twende nyumbani. Kwani nani anakuangalia miguu?"

Nimesema hivyo, kaka. Kwa mdomo wangu huu. Nani anakuangalia miguu.

Sasa niko nje kwenye benchi, na sioni pa kuanzia. Angenitukana kama kawaida yetu ningemjibu, tungecheka, yangeisha. Hakunitukana. Alivua ile miwani taratibu, akanitazama kama mtu aliyechoka kungoja.

"Hakuna," akasema. "Ndiyo maana nimekuja."