Mbuyi Alienda Kuchota Maji

Kasungami, tarehe 12 juni 2025

Kwako Shambuyi, baba ya mapasa yangu,

Jambo sana. Kwanza afya: ule mugongo uliacha kukuuma? Huko Kolwezi baridi iko inauma, ao munaota moto? Siye hapa tuko. Mboga ya lengalenga mu shamba imekauka kidogo, mutoto wetu Kabanga iko muzima, anakula sawa muntu anabeba mifuko ya makala.

Ninaandika kwa kaye yake ya masomo, kisha nitapiga karatasi foto nikutumie, sababu kwa telefoni sauti yangu inakatika, na mama ya mapasa haruhusiwe kulia. Unajua.

Jana bazazi tulikutana pale pisini. Kocha Dieumerci anasema batoto bote kumi na mbili ba klabu ya kuogelea baende Kitwe, Zambia, siku kumi ya staji ya mazoezi. Kule kuko pisini ya metre makumi tano. Mama Wivine wa Makomeno akasimama na miwani yake juu ya kichwa: "Mutoto asiyeenda, asahau mashindano ya championnat!" Papa Sylvain akamwuliza: "Mama, maji ya Zambia banaitia sukari?" Bantu bakacheka. Mi sikucheka. Nikasema wangu haende. Wivine akaniangalia: "Mama Kabanga, samaki unaifuga kwa ndoo?"

Clément, huyu mutoto hajalala inje hata siku moja. Hapa ninatandika mikeka mbili, ninaweka sahani mbili, kila asubuhi ninajaza kikombe ya Mbuyi maji. Kule nani atafanya? Uniambie.

Mwambuyi, mama ya bote bawili


Kolwezi, 15 juni

Bibi yangu Christiane,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Mugongo iko afadhali, usihangaike. Barua nilisoma mara mbili.

Mutoto iko na kipaji. Kwa metre mia moja hakuna wa miaka kumi na tatu anamufikia mu Lubumbashi muzima. Na alianza mwenyewe, umesahau? Alikuwa na miaka tano, akakuvuta mukono: "Mama, unipeleke kwa maji." Leo njo unataka kumufungia?

Nisikufiche, Christiane. Mbuyi alikufa. Homa ilimuua na miaka mbili, nilimubeba mimi mwenyewe na hii mikono. Pastor alishatuambia tuache sahani na vikombe. Usiniite tena Shambuyi. Niko baba ya mutoto mumoja.

Nimeomba konje kwa kazi, siku kumi ya kupumzika, nitabasindikiza Kitwe sawa muzazi. Fishi ya safari nimeshaijaza. Pale banauliza ndugu wa kuzaliwa, niliandika: hakuna.

Baba Kabanga


Kasungami, 2 julai

Clément,

Jambo. Tuko bazima. Siku kumi na saba sikukuandikia, nilikuwa ninangoja hasira iishe. Haiishe.

Ile neno uliandika, kwetu haiandikwe. Pasa hakufe. Alienda kuchota maji. Njo vile mama yako mwenyewe alinifundisha ile siku, akanishika kinywa nisilie. Sasa unaelewa juu ya nini niliogopa, wakati mwenzake alianza kuniomba maji?

Lakini aende. Amelia siku tatu, macho imevimba, na mi siwezi kumuona vile. Valizi nimeifunga: kofia mbili ya kuogelea, ya njano yote, bantu bengine bako na ya bluu, utamuona mbali. Taulo mbili. Sandale pea mbili. Ninakuomba kitu kimoja tu, na ninakuomba na magoti: usitoshe ya mwenzake mu valizi.

Mwambuyi


Kitwe, 7 julai

Bibi yangu,

Salamu kutoka huku. Tulifika salama, batoto banakula muzuri, baridi si nyingi.

Pale Kasumbalesa, kwa mpaka, tulicheka. Ajenti alihesabu batoto kumi na tatu kwa karatasi kumi na mbili. Akahesabu tena: kumi na tatu. Kocha akamwambia, "Chef, labda unanihesabu na mimi, nimekonda." Mara ya tatu akachoka, akagonga mihuri.

Kabanga anaogelea muzuri, lakini anabana kamba ya kushoto, nusu ya laini, ile njia yake mu maji, anaiacha wazi. Kocha anapiga kelele: "Kaa katikati! Unamwachia nani nafasi?" Anazidi kubana kamba.

Usikasirike: kofia ya Léa, ule binti ya Mama Wivine, ilipasuka. Nikamupatia ile ya pili. Kitu ya muntu asiyekuwepo inafanya nini mu valizi?

Baba Kabanga


Kasungami, 8 julai

Clément, unisamehe, leo sina nguvu ya salamu.

Nyanganya ile kofia. Leo leo. Mupatie Léa ingine, mununulie hata ya dhahabu.

Asubuhi nilienda kujaza kikombe ya Mbuyi, nikakuta kitupu. Haikumwangika, chini kukavu. Miaka kumi na moja nakuta maji vile niliacha, ninamwanga, ninatia mapya. Leo amekunywa yote. Muntu akimaliza maji yake, shi anaenda kutafuta ingine?

Mwambuyi


10 julai

Clément. Ujibu.


Kitwe, 12 julai

Christiane yangu, Mwambuyi,

Mutoto iko muzima. Naanza na hiyo, upumue.

Barua yako niliiona, nikakasirika, sikujibu. Siku ileile Léa alirudisha kofia mwenyewe. "Papa, sitaki, kuko muntu anaivuta nikiwa chini ya maji." Nikaitia mu mfuko wa koti.

Jana muchana batoto bote balikuwa ndani ya maji. Kocha alihesabu vichwa: kumi na mbili. Nikahesabu na mimi: kumi na mbili, na kofia ya njano katikati yao. Nikatulia. Ile kofia ikaja pole pole mpaka kwa ukuta, pale nilisimama. Uso ukainuka. Ni uso wa Kabanga, lakini uliniangalia sawa muntu anayemuona baba yake kisha miaka mingi.

Nikatia mukono mu mfuko. Mfuko mutupu, na umelowana.

Hapo njo niliangalia chini. Kule kwenye kina, kofia ingine ya njano. Mutoto amekaa kitako, mikono juu ya magoti, anangoja.

Kocha sikumwita. Niliita Mbuyi. Kinywa kilisema chenyewe. Uso ukacheka, ukazama. Kisha mutoto mumoja akapanda, anakohoa, kofia mbili mu mukono.

Daktari amemupima, mapafu iko safi. Nilimuuliza alikuwa anafanya nini kule chini. Akaniambia: "Aliomba nimulindie nafasi, apande kidogo amuone baba. Anasema baba peke yake njo hamwite."

Bazazi banabishana sasa kama turudishe batoto mbele ya siku. Kocha anakataa, iko na furaha: tangu jana Kabanga anaogelea katikati kabisa, hamwachie muntu nafasi. Mimi sina furaha. Ninamwita Kabanga, anachelewa kugeuka, sawa anangoja mwengine aitike.

Mwambuyi, ni nani ninakuletea jumanne?

Shambuyi


Kasungami, 13 julai

Shambuyi, baba ya mapasa yangu,

Jambo sana, na asante. Ulimwita. Ningekuwa karibu ningekushika miguu.

Usimuulize tena jina. Mutoto akiulizwa sana anachagua, na mi sitaki achague. Mwite bote bawili, njia yote, hata bantu ba mu bisi bakucheke. Pale Kasumbalesa bakihesabu kumi na tatu, wewe uitike ndiyo.

Kikombe kimejaa tangu juzi muchana. Haikuwa mi niliijaza. Nilinusa: inanuka ile dawa ya pisini.

Jumanne nitapika bukari na lengalenga. Mikeka nimeitandika mbili, sahani nitaweka mbili, upande uleule wa kila siku. Akiingia sitamuonyesha pa kukaa. Nitasimama tu kwa mulango wa jiko, nimuangalie anaenda kwa sahani gani. Na atakayekaa, nitamupokea, nitamuosha miguu, nitamwambia karibu kwetu.

Na ile sahani ingine nitaijaza vilevile.

Mama ya bote bawili