Lori la Rambirambi

Baba yangu,

Hili sijamwambia mtu, hata Mama: niliiba mbolea yako. Ile ya mwisho, iliyoletwa na wenzako wa kazini baada ya mazishi. Nilijaza mkebe wa majani chai, nikaufunga kwa nailoni mbili, nikaenda nao shule. Sasa najua kitu ambacho natamani nisingekijua, na kesho asubuhi akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana shamba, wanakuja kutulimia kwa zamu yetu.

Unakumbuka vile lori liliingia? Hukuwepo, ni kweli. Huwa nasahau. Watu walileta unga na sukari. Wenzako wa mabwawa ya majitaka kule mjini Wote wakaleta tope lililosafishwa, lile ulilokuwa ukituletea kwa magunia kila mwaka. Dereva alishuka, akavua kofia. "Mama, sisi hatuna kitu. Hii ndiyo kazi tulifanya na yeye." Mama alilia kuliko alivyolia kaburini. Akalifunika tope lote kwa turubai siku hiyohiyo, upepo usibebe hata kidogo, na mpaka leo hakuna kuku anayeruhusiwa kuchakura pale.

Wewe hukuwahi kufunika. Ulilitandaza kwenye mwamba nyuma ya choo, lilale juani kiangazi kizima, jua liue wadudu, na mkono wa mtoto usiguse. Ukitoka kazini ulinawa mpaka kwa viwiko kabla ya kunisalimia, mimi nimeshika jagi. "Bado tu?" nakuuliza. "Mwaga, mwaga. Hawa wadudu hawana aibu kama wewe." Nilikuwa nacheka sana. Shuleni sikucheka. Kyalo wa darasa letu alikuwa anaziba pua nikipita: "Mabwawa yamefika!" Nami nainamisha kichwa, kama mtu ameitwa kwa jina lake.

Halafu akaja Dada Mwikali, mwanafunzi wa chuo kikuu anayechunguza kama tope lililosafishwa bado lina vijidudu vya magonjwa. Alituonyesha kwa klabu ya sayansi mashine yake, ndogo kama redio. Hatafuti vijidudu kwa macho, Baba. Anatoa DNA kwenye tope, halafu mashine inainakili mara nyingi, mpaka hata kile kidogo kabisa kinaonekana. Nilingoja wenzangu watoke ndio nikampa mkebe. Nilinyoosha mkono tu.

Jumatano alirudi, akanikalisha kando.

"Salmonella imeonekana," akasema. "Inaweza kuharisha mtu vibaya. Lakini sikiza. Mashine inaona DNA hata ya kijidudu kilichokufa. Inaniambia kilipita hapa. Haisemi kama bado kiko hai."

Kujua hilo lazima wajaribu kukiotesha maabara, na jibu litachukua muda. "Kwa sasa msishike kwa mikono, na msiweke kwa mboga. Ambia mama."

Sijamwambia. Nimefagia uwanja mpaka vumbi limeisha. Nafungua mdomo, naomba chumvi. Najua vile atasikia: kwamba bado naona aibu na kazi yako. Jana nilijaribu. "Mama, si tungoje kidogo na ile mbolea?"

"Mvua itatungoja? Huo ni mkono wa mwisho wa baba yako kwa hili shamba."

Susu Syombua, bibi kizee jirani yetu, akadakia, "Wacha huyo. Anaogopea kucha." Wakacheka. Na mimi nikacheka, Baba, aki.

Lakini naiona kesho. Watabeba kwa karai, watachanganya na mchanga kwa mikono mitupu kwenye matuta ya sukuma. Halafu sufuria ya isyo italetwa palepale shambani, mikono ipanguswe kwa leso, na Susu atamlisha mjukuu wake mahindi na maharagwe kwa vidole hivyohivyo.

Kilipita hapa. Maneno hayo hayanitoki. Hata wewe ungepimwa hapa nyumbani ungeonekana kila mahali: kwa mpini wa jembe, kwa jagi, kwa akala zako ambazo Mama anazivaa siku hizi. Mashine ingekuona. Nisingejua nifurahi ama vipi.

Ila wewe hukungoja jibu la maabara ndio unawe. Ulinawa bila kujua. Na tabia hiyo, Baba, hakuna lori linaweza kuileta.

Nasikia akala zako njiani, zikiburuta upande mmoja. Ni Mama, ametoka maombini. Nilikuwa na kitabu cha hesabu hapa cha kufunika karatasi hii mtu akija. Nimekirudisha kwa mkoba. Karatasi iko mezani, imeangalia mlango. Akiuliza ni nini, nitamwambia aanzie juu, pale nimesema niliiba. Halafu nitaenda kujaza jagi.

Pumzika, Nau, baba yangu. Kesho turubai litatoka, tope lilale juani, na hakuna mkono utagusa.

Ni mimi, binti yako wa jagi.