Alama ya Chaki Ndani ya Blauzi

Jumanne, Novemba

Sijakosea. Alama ile ilikuwa yangu.

Pale kwenye karakana yetu ya kushona, mtaani Thorncliffe, kila fundi ana alama yake ya chaki. Anaiweka ndani ya nguo aliyomaliza ili ijulikane nani kaishona. Yangu ni duara lenye mkia.

Leo bosi wetu, Mzee Karim, alinipa blauzi ya makumbusho nirekebishe mkono wake. Ilishonwa Marekani miaka mia na zaidi iliyopita, na wanawake waliokuwa wakifungiwa kiwandani mpaka walipogoma.

Nikafumua mshono. Ndani, duara lenye mkia. Chaki ikanishika kidoleni.

"Umeiweka mwenyewe ukasahau," akasema Mama Neema, anayekaa kwenye cherehani ya jirani.

"Ndani ya mshono ambao ndiyo kwanza naufumua?"

Sote wawili tukageuka kuutazama mlango wa nyuma. Mzee Karim huufunga kila asubuhi na ufunguo anatia mfukoni, eti tusitoketoke ovyo. Miaka minne nimeuona kero tu. Leo niliwakumbuka wale wanawake waliofungiwa kiwandani.

Nikasimama. "Mzee, shikamoo nilishakupa asubuhi. Sasa fungua ule mlango, la sivyo sishoni."

Alinung'unika weee, lakini akafungua. Baridi ikaingia. Cherehani zote zilikuwa zimesimama; mafundi wenzangu nao walikuwa wameacha kushona.

Nikairudia blauzi. Alama haipo. Nilipopagusa pale ilipokuwa, kitambaa kilikuwa na joto, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi.